Sura ya Tano: Ombi la Mama

Mwaka 1971, katika makao ya wazee huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, bibi mmoja wa miaka 78 alikuwa akishinda kutwa kitini, amefungwa ili asianguke. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja wa mwili, masikio yalishaziba, na maneno yalimtoka kwa taabu. Machache aliyoyamudu aliyarudia tena na tena: alikuwa amechoka, alitaka kufa. Binti yake, Geertruida Postma, aliyasikia kila alipokwenda kumjulia hali. Aliyasikia kama mtoto, akayasikia pia kama daktari, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwezi wa Oktoba alimdunga mama yake sindano ya morfini, kipimo kilichozidi mno kile cha kutuliza maumivu. Mama akakata roho.

Jambo lenyewe halikufichika, na Postma hakulikana. Kifungu cha 293 cha sheria ya makosa ya jinai ya Uholanzi kilisema wazi kwamba anayemuua mtu kwa ombi la mtu huyo anaweza kufungwa hadi miaka 12. Tarehe 21 Februari 1973 mahakama ya Leeuwarden ilimtia hatiani. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha wiki moja, tena kifungo cha nje.

Wiki moja kwa kosa la miaka 12. Majaji walikuwa wamesikiliza ushahidi kuhusu desturi za madaktari wenyewe, wakakubali kwamba daktari halazimiki kuurefusha uhai wa mgonjwa kwa gharama yoyote ile. Mgonjwa asiyeponyeka anayeteseka kupita kiasi anaweza kupewa dawa ya maumivu hata kama itampunguzia siku. Postma alitiwa hatiani kwa kuwa sindano yake haikuwa ya kutuliza. Ilikuwa ya kuua moja kwa moja.

Kisha kikatokea kisichotarajiwa. Madaktari wa eneo lake walimwandikia Waziri wa Sheria barua ya wazi, wakakiri kwamba hata wao, angalau mara moja, walishafanya kama alivyofanya mwenzao. Walikuwa watu wenye leseni na familia, na hawakuhitajika kujitaja. Barua ilikuwa na maana moja: mnamhukumu huyu kwa sababu mmemwona, na sisi wengine hamjatuona.

Waziri wa Sheria wa wakati huo aliitwa Dries van Agt. Alikuwa Mkatoliki aliyeshika dini, na miaka michache baadaye angekuwa waziri mkuu. Jina hilo litarudi kabla sura hii haijaisha.

*

Wagiriki waliunganisha maneno mawili, jema na mauti, likapatikana neno yuthanasia: kufa vyema. Magazeti ya Kiswahili huandika "kifo cha huruma". Jina hili lina mtego ndani yake, kwa sababu kila anayekaa kando ya kitanda cha mahututi ana huruma. Anayo muuguzi anayembadilishia shuka, anayo shangazi anayemsomea Yasini, anayo na daktari anayekataa kumdunga sindano ya mwisho. Huruma haiwatenganishi watu hawa. Kinachowatenganisha ni tendo, na matendo yenyewe yako manne, ambayo katika mazungumzo ya mtaani hutiwa kapu moja.

La kwanza ni kuacha tiba. Mashine ya kupumulia inazimwa, au mgonjwa anakataa kuongezewa dawa za saratani, na ugonjwa unashika njia yake. La pili ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu kwa lengo la kumtuliza, huku ikijulikana kwamba huenda ikafupisha maisha. Haya mawili hayana ugomvi mkubwa. Papa Pius wa Kumi na Mbili alilikubali la pili mwaka 1957 alipozungumza na madaktari wa nusukaputi, na tamko la Vatikani la Mei 1980 likaruhusu kuacha tiba nzito zisizo na tija, huku likikataza kabisa kuua kwa kukusudia. Waraka wa maadili ya tiba wa Kiislamu uliotolewa Kuwait mwaka 1981 unakaribia hapo hapo: uhai ni amana na daktari hana ruhusa ya kuuondoa, lakini si lazima aendelee kumng'ang'aniza mgonjwa ambaye elimu ya tiba imethibitisha kuwa harudi tena.

Mzozo unaanza kwenye tendo la tatu, pale mgonjwa anapopewa dawa na kuinywa kwa mkono wake mwenyewe. Uswisi haimwadhibu anayesaidia ila akiwa amesukumwa na maslahi yake. Sheria hiyo inatumika tangu 1942. Oregon, nchini Marekani, imeruhusu jambo hilo tangu 1997 kwa mtu mzima ambaye madaktari wamemkadiria miezi sita au chini ya hapo. Tendo la nne ni lile la Postma: mkono wa daktari. Hili ndilo Waholanzi wanaloliita yuthanasia, na ndilo walilolitungia sheria iliyoanza kutumika mwaka 2002. Ubelgiji iliwafuata mwaka huo huo, Kanada ikaruhusu mwaka 2016, Hispania mwaka 2021.

Wajerumani hawapendi hata kulitamka neno hilo katika mjadala wa leo. Wanalo lao, lenye maana ya msaada katika kufa. Kuanzia mwaka 1940, chini ya mpango uliojulikana kama T4, utawala wa Hitler uliwaua kwa gesi zaidi ya walemavu na wagonjwa wa akili 70,000 katika vituo sita, na ukauita mpango huo kifo cha huruma. Wale hawakuomba kitu. Kila sheria iliyotungwa baadaye imelazimika kuthibitisha kwamba haifanani na ile, na uthibitisho wake wa kwanza umekuwa ombi: mgonjwa mwenyewe aseme.

*

Ilichukua Uholanzi karibu miaka 30 kutoka Leeuwarden hadi bungeni. Njiani palikuwa na kesi moja kubwa. Daktari wa familia alikuwa amemsaidia kufa mgonjwa wake wa miaka 95 aliyemwomba mara nyingi, na tarehe 27 Novemba 1984 Mahakama ya Juu ikasema daktari anaweza kujikuta kati ya wajibu mbili zisizopatana: kulinda uhai, na kumwondolea mgonjwa mateso. Akiwa amepima kwa uangalifu, anaweza kujitetea kwa hoja ya dharura. Mlango ukafunguka kwa upana wa kidole.

Sheria ilipitishwa mwezi Aprili 2001, ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Wengi nje ya Uholanzi hudhani kwamba siku hiyo kosa lilifutwa. Kifungu cha 293 kipo hadi leo. Kilichoongezwa ni kinga kwa daktari aliyetimiza masharti sita. Awe ameridhika kwamba ombi limetolewa kwa hiari na limefikiriwa vizuri. Awe ameridhika kwamba mateso hayavumiliki na hayana matumaini ya nafuu. Awe amemweleza mgonjwa hali yake na yanayomngoja. Wakubaliane, yeye na mgonjwa, kwamba hakuna njia nyingine ya busara iliyobaki. Amwite daktari wa pili, asiyehusika na mgonjwa huyo, aje amwone na kuandika maoni yake. Na tendo lenyewe lifanyike kwa uangalifu wa kitaalamu.

Yanayofuata baada ya kifo yanaeleza sheria hii vizuri kuliko hotuba zake. Mara nyingi mgonjwa hufia nyumbani, na aliyekuwa naye ni daktari wa familia, yule aliyetibu mafua ya watoto wake. Daktari hawezi kuandika "kifo cha kawaida" kisha akaenda zake. Humpigia simu daktari wa manispaa anayechunguza maiti, naye hufika hapo hapo, huku jamaa wakiwa bado wamekaa sebuleni. Makaratasi huenda kwa kamati ya mkoa yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili. Kamati ikiona kasoro, faili huenda kwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2024 kamati ziliona kasoro katika vifo sita kati ya 9,958 vilivyoripotiwa.

Kwa mgonjwa pia mambo si kama yanavyodhaniwa. Hana haki ya kudai. Anaweza kuomba tu, na daktari yeyote anaweza kukataa.

*

Watetezi wa sheria hiyo wana jambo moja zito, nalo linatoka kwenye ile barua ya madaktari wa Friesland. Lililokuwa likifanyika gizani sasa linafanyika mwangani. Uchunguzi uliofanywa kwa agizo la serikali kuhusu vifo vya mwaka 1990, kabla ya sheria, ulikadiria kwamba madaktari waliwasaidia kufa kwa sindano wagonjwa 2,300 walioomba. Ukakadiria pia jambo lililotisha zaidi: wagonjwa wapatao 1,000 walipewa dawa ya kuharakisha kifo bila kuomba waziwazi. Uchunguzi kama huo uliporudiwa kwa mwaka 2010, vifo vya kundi hilo la pili vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 0.8 ya vifo vyote hadi 0.2. Watetezi husema: tazameni, sheria imewalinda wasioomba.

Wapinzani hawatazami mahali hapo. Wanatazama hesabu nyingine. Vifo vilivyoripotiwa mwaka 2003 vilikuwa 1,815. Mwaka 2024 vilikaribia 10,000, ikiwa ni asilimia 5.8 ya vifo vyote nchini. Theo Boer, mtaalamu wa maadili aliyekaa katika mojawapo ya kamati za mikoa kuanzia 2005 hadi 2014 na kupitia mafaili kwa maelfu, aliingia akiamini kwamba sheria nzuri ingelidhibiti jambo hilo. Alitoka na mashaka, akawaonya wabunge wa Uingereza wasiige. Hoja yake ni kwamba njia iliyowekwa kwa ajili ya dharura imeanza kuonekana na watu kama njia ya kawaida ya kufa.

Idadi peke yake haihukumu. Nchi inazeeka, saratani zinaongezeka, na madaktari wamezoea kuripoti. Swali gumu zaidi ni nani anaomba. Sheria ilijengwa juu ya sauti ya mgonjwa, na kila mara mipaka iliposogea, ilisogea kuelekea mahali sauti inapofifia. Wagonjwa wa akili waliokufa kwa njia hii walikuwa 138 mwaka 2023. Mwaka uliofuata wakawa 219. Tangu Februari 2024 kuna utaratibu hata kwa watoto wa mwaka mmoja hadi 12 walio mahututi na wasioweza kutulizwa, ambao wazazi ndio wanaowasemea. Na kuna wenye ugonjwa wa kusahau.

*

Kesi ya kahawa ilitokea mwaka 2016. Mwanamke wa miaka 74 alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Alipokuwa bado na akili zake timamu aliandika kwamba hataki kuishia katika makao ya wenye ugonjwa huo na kwamba afadhali afe. Lakini aliandika pia kwamba hilo lifanyike wakati yeye mwenyewe atakapoona umefika.

Wakati ulipofika hakuwa tena na uwezo wa kuuona. Katika makao alikopelekwa alisema mara anataka kufa, mara hataki, au si sasa. Daktari aliyasoma maandishi, akazungumza na familia, akawaita madaktari wengine wawili, nao wakakubaliana naye. Siku yenyewe alimtilia dawa ya usingizi katika kahawa bila kumwambia, asije akaingiwa na hofu. Mwanamke akanywa, akalala. Sindano ilipoanza kuingia akaamka, akataka kusimama. Jamaa zake wakamshika, daktari akamaliza.

Msomaji hana budi kusimama hapo kidogo, palepale kando ya kitanda. Yule aliyeandika na yule aliyetaka kuinuka ni mtu mmoja au wawili? Wosia humfunga mtu kuhusu mali yake akishakufa. Je, unaweza kumfunga kuhusu mwili wake akiwa hai, huku mwili huo ukijaribu kuinuka? Wanaosema ndiyo wana sababu: asingeruhusiwa kupanga mapema, pengine angeomba kufa miaka kadhaa kabla, akiwa bado anafurahia kahawa yake. Wanaosema hapana wanao ule mwili uliojaribu kuinuka.

Daktari huyo alifikishwa mahakamani mwaka 2019, wa kwanza tangu sheria ianze. Mwezi Septemba mahakama ya The Hague ilimwachia, na tarehe 21 Aprili 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba daktari anaweza kufuata maandishi ya mgonjwa ambaye ugonjwa wa kusahau umemzidi. Kwa upande wa sheria neno likaisha. Kwa upande wa maadili, hapa ndipo sheria ya Uholanzi ilipo dhaifu kuliko pote. Ilianza kwa ahadi kwamba mgonjwa atasema, na hapa aliyesema alikuwa karatasi.

*

Barani Afrika sheria nyingi zimebaki pale Leeuwarden ilipoanzia. Nchini Afrika Kusini, tarehe 30 Aprili 2015, jaji wa Pretoria alimruhusu wakili mmoja mwenye saratani asaidiwe na daktari kufa. Mgonjwa alikuwa ameshafariki saa chache kabla ya uamuzi kusomwa, na mwezi Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaufuta. Tanzania na Kenya hazina mjadala wa aina hiyo mahakamani. Kanuni za Adhabu za nchi zote mbili zinampa kifungo cha maisha anayemsaidia mtu kujiua, na ridhaa ya marehemu haimwokoi aliyemuua. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kunapingana na katiba, kwa kuwa mtu huyo anahitaji tiba, si jela. Adhabu ya anayesaidia haikuguswa.

Lakini ombi lenyewe halijangoja mahakama. Linasikika Tandale na Kibera, Ujiji na Lamu, katika vyumba vya uani ambamo bibi amelazwa. "Mungu anichukue tu nipumzike." Wanaomuuguza wamelisikia mara nyingi hata hawaliitikii tena. Wauguzi wa tiba shufaa, tiba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hufundishwa kutolipita neno hilo. Humuuliza: nini kinakusumbua zaidi, bibi? Jibu laweza kuwa maumivu ya mfupa yanayozidi usiku. Laweza kuwa kidonda kinachonuka na aibu ya wajukuu kuziba pua. Mara nyingi ni hili: nimewachosha wanangu, shamba limeuzwa kwa ajili yangu.

La maumivu lina dawa, na dawa yenyewe ni ileile iliyokuwa katika sindano ya Postma. Morfini ikipimwa vizuri haiui. Humrudishia mgonjwa usingizi, hamu ya kula na nafasi ya kuongea na watu wake. Tatizo ni mahali ilipo. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilipiga hesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Ni kama kujaza pipa la maji na kumpa jirani kijiko.

Uganda ilionyesha kwamba kijiko kinaweza kuongezwa. Mwaka 1993 Anne Merriman, daktari Mwingereza aliyewahi kuwa mtawa, alifungua huduma ya Hospice Africa mjini Kampala. Alikuja na njia aliyoifanyia kazi Singapore: unga wa morfini, maji safi, kitu kidogo cha kuzuia usiharibike, na rangi ya kutofautisha makali na nafuu. Dawa iliwekwa katika chupa za plastiki za maji ya kunywa. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na kabla ya kulala hunywa mara mbili ya kipimo ili asiamshwe usiku. Kwa kuwa madaktari hawakutosha, mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waiandike wenyewe. Muuguzi akawa anaweza kuifikisha hadi kijijini, akaketi kwenye mkeka, akamwonyesha binti wa mgonjwa namna ya kupima. Dar es Salaam nako, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutengeneza morfini ya maji kwa njia kama hiyo.

Hapa sharti la nne la Waholanzi linapata uzito mpya. Daktari na mgonjwa wakubaliane kwamba hakuna njia nyingine ya busara. Huko, sharti hilo linapoandikwa, nyuma yake kuna daktari wa familia wa kila mtu, bima ya lazima, muuguzi anayefika nyumbani na duka la dawa lenye morfini. Njia nyingine zimeshajaribiwa, au zimekataliwa na mtu aliyezijua. Mahali ambapo chupa ya morfini haifiki, sharti hilo haliwezi kutimizwa hata bunge likilipitisha kesho. Mgonjwa anayeomba kufa kwa sababu hakupewa dawa ya maumivu hajachagua chochote, amenyimwa. Na mama anayeomba kwa sababu shamba limeuzwa anawasemea wanawe zaidi ya nafsi yake. Wanaotaka sheria ya Uholanzi iletwe Afrika Mashariki, na wanaotaka isitajwe kabisa, wanadaiwa kitu kimoja kabla ya hoja zao: ile chupa, na muuguzi wa kuileta.

*

Dries van Agt alikuwa waziri mkuu wa Uholanzi kuanzia 1977 hadi 1982. Uzeeni alijulikana zaidi kwa kuwatetea Wapalestina, na mwaka 2019 akapata kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo ambacho hakupona sawasawa. Mkewe, Eugenie, naye aliugua. Walikuwa pamoja kwa zaidi ya miaka 70, na hadi mwisho alimwita mkewe kwa neno la mvulana anayechumbia: msichana wangu.

Tarehe 5 Februari 2024, mjini Nijmegen, walikufa kwa yuthanasia wakiwa wameshikana mikono. Wote wawili walikuwa na miaka 93. Nusu karne na karibu mwaka mmoja ilikuwa imepita tangu hukumu ya Leeuwarden na ile barua ya madaktari iliyotumwa ofisini kwake.

Vifo vya aina hiyo ni vichache. Mwaka 2024 wanandoa waliokufa pamoja kwa njia hii walikuwa jozi 54. Utaratibu wake hauwatazami kama jozi. Kila mmoja huwa na ombi lake na daktari wake wa pili, tofauti na wa mwenzake, ambaye lazima ahakikishe kwamba aliye mbele yake hafuati tu, hasukumwi, wala haogopi kubaki peke yake. Kwa mujibu wa utaratibu huo, Dries alipaswa kuulizwa peke yake, na Eugenie peke yake.